Anayeumia Ndiye Atangulie: Siku Tatu kwa Miguu Milima ya Udzungwa

*Miaka kumi ya ndoa, kibubu kilichobaki nusu na mlima usio na barabara. Walipanga kwenda Zanzibar, wakaishia porini Udzungwa. Hawakufika kileleni, ila walifika mahali pengine.*

Hivi wewe na mwenzio mara ya mwisho kukaa siku tatu bila simu, bila luninga, bila watoto na bila mtu wa kugonga hodi ilikuwa lini? Usinijibu haraka. Dada yangu aliponiuliza swali hilo mwezi wa sita mwaka 2024 nilicheka, halafu nikanyamaza. Jibu lilikuwa moja tu: haijawahi kutokea.

Ngoja nikwambie ukweli wote, maana safari hii bila ukweli haina maana. Mwaka ule mimi na mume wangu tulikuwa tunatimiza miaka kumi ya ndoa. Tulikuwa na kibubu chetu cha mbao, tunatia kidogo kidogo, lengo likiwa wiki moja Zanzibar, sisi wawili tu. Basi mwezi wa tano nikapita ofisini kwake kumwachia funguo za nyumba. Mlinzi akanitazama kwa huruma. "Shemeji, mbona bwana hayupo hapa tangu mwezi wa pili?"

Jamani! Miezi mitatu nampigia pasi shati. Miezi mitatu anatoka saa kumi na mbili asubuhi, begi begani, anarudi saa moja jioni amechoka kweli kweli. Kumbe watu walipunguzwa kazi na yeye akiwemo. Alikuwa akishinda mjini anazungusha barua za maombi, na siku nyingine amekaa tu kwenye benchi akisubiri saa ya kurudi nyumbani ifike. Ule "mshahara" aliokuwa akiniletea ulikuwa unatoka kwenye kibubu chetu.

Sikupiga kelele. Afadhali ningepiga. Kuanzia siku ile tukawa kama wapangaji wawili wanaotumia jiko moja. "Umekula?" "Nimekula." "Watoto wamelala?" "Wamelala." Basi, yameisha. Kilichoniuma si kazi, kwa sababu kazi inakuja na kuondoka. Kilichoniuma ni kwamba kila asubuhi alinitazama usoni akaniaga.

Dada yangu ndiye aliyekuja na wazo. "Hela iliyobaki haifikishi Zanzibar. Lakini huyo shemeji si alikulia Mang'ula? Si kila siku anasifia mlima wa kwao ambao hajawahi kuupanda? Nendeni mkaupande. Watoto waleteni kwangu."

Najua unachofikiri. Mtu hana kazi, anakwenda kutalii? Na mimi nilisema hivyo hivyo. Dada akaniuliza kama nimeshawahi kuulizia talaka inagharimu kiasi gani. Nikaenda kufunga begi.

MLIMA USIO NA BARABARA

Tuliondoka Dar es Salaam mwezi wa nane, kwa basi la Ifakara kutoka stendi ya Mbezi. Njia hii ni tamu, sio siri. Ukishapita Morogoro barabara kuu inakata katikati ya Hifadhi ya Mikumi, na ukikaa dirishani unaona twiga na swala bila kulipa hata senti tano. Pale Mikumi mjini basi linaacha barabara ya Iringa na kukata kushoto. Unavuka Ruaha Mkuu pale Kidatu, kwenye bwawa la umeme, unaingia kwenye bahari ya miwa, na ghafla mkono wako wa kulia kuna ukuta. Ukuta wa kijani, umesimama wima kutoka mashambani mpaka mawinguni.

Hiyo ndiyo Udzungwa.

Milima hii ndiyo inayofunga mkia upande wa kusini-magharibi wa ule mnyororo unaoitwa Tao la Mashariki, unaoanzia vilima vya Taita kule Kenya, ukapita Upare, Usambara, Nguru na Uluguru. Ni milima mikongwe, ambayo mbele yake Kilimanjaro ni mtoto wa juzi. Hifadhi ya taifa yenyewe ilianzishwa mwaka 1992, ina kilometa za mraba 1,990, sehemu iko mkoa wa Morogoro na sehemu Iringa. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Luhombero, kinapita meta 2,500. Na cha ajabu ni hiki: hakuna barabara za kuzungukia kwa gari kama kule Serengeti. Ukitaka kuiona Udzungwa shusha miguu yako chini, utembee.

Tulilala Mang'ula, nyumba ya wageni ya kawaida, feni na chandarua. Jioni mapema tu jua lilikuwa limeshazama nyuma ya mlima, na huku mbele yetu bonde zima la Kilombero bado linawaka. Tulikula wali wa Ifakara na perege kwa mama mmoja mwenye mgahawa. Alipojua tunapanda asubuhi akacheka. "Mimi msitu huo naujua kwa kichwa changu." Akatuonyesha utosi. Zamani akina mama wa vijiji vya jirani waliruhusiwa kuingia hifadhini siku maalumu za wiki kuokota kuni kavu. Ruhusa hiyo ilikoma mwaka 2011, ili msitu upumue. "Siwalaumu," akasema, "mito yetu inatoka humo. Lakini siku za kwanza tulihangaika, mwanangu. Unauona moto ulivyo karibu na huruhusiwi kuugusa."

Nilimtazama mume wangu, naye akatazama sahani yake.

SIKU YA KWANZA: YEYE MBELE, MIMI NYUMA

Njia tuliyochagua ni ya Mwanihana, kilele cha pili kwa sifa, zaidi ya meta 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kwenda na kurudi ni kama kilometa 38, siku tatu na usiku mbili. Ukisikia kilometa 38 unaweza kusema mbona kidogo. Haya, chukua hizo kilometa, zisimamishe kama ngazi, halafu zimwagie majani yenye umande. Mang'ula iko chini kabisa, meta mia tatu na kitu, kwa hiyo unapanda toka sifuri.

Tulikuwa watu sita: sisi wawili, mwongoza watalii, askari wa hifadhi mwenye bunduki na wapagazi wawili. Askari si pambo, maana humo ndani kuna tembo, nyati na chui, na wewe uko kwa miguu. Tulimwita afande, naye akawa mtu wa maneno machache mno. Mwongozaji alikuwa kijana mchangamfu, ananiita dada na mume wangu anamwita kaka. Kabla hatujaingia msituni alitusimamisha.

"Dada, kaka, huku tuna sheria mbili. Ya kwanza, hakuna kutembea peke yako. Ya pili, ukiumia sema hapo hapo. Usisubiri kambi. Mlima hausubiri."

Tukaitikia wote wawili kama wanafunzi.

Lakini mume wangu bwana! Alivyoanza kupanda ungedhani anafukuzwa. Alikuwa amevaa buti za kuazima kwa rafiki yake, begi kubwa mgongoni, hataki mpagazi alibebe. Baada ya saa moja nilikuwa namsikia tu, simwoni. Mwongozaji akawa anamkimbilia yeye, mimi nikabaki nyuma na afande, napumua kama mashine ya kusaga. Nikawaza: hata huku? Hata huku ananiacha nyuma, anajifanya yuko sawa?

Hasira zilinifanya nisione kitu kwa muda mrefu. Halafu msitu ukanizoea, au mimi nikauzoea. Miti ya chini ni minene na mirefu, mizizi yake imetoka nje kama mbawa, na jua linafika chini vipande vipande. Hondohondo wakipita juu unasikia mabawa yao kabla ya sauti yao, kama mtu anayekung'uta jamvi. Ni moja ya sehemu chache sana Afrika Mashariki ambapo msitu haukatiki: unaanza bondeni kwenye joto na kuendelea mfululizo mpaka juu kwenye baridi. Kila ukipanda, miti inabadilika mbele ya macho yako, hewa inabadilika, mpaka harufu.

Mara afande akanigusa bega na kunyoosha kidole. Juu ya mti walikuwa mbega wekundu wa Udzungwa, kundi zima, vichwa vyekundu kama wamepaka hina, wanatuchungulia. Hawa hawapatikani popote duniani isipokuwa milima hii na misitu iliyo kando yake. Kuna na mwenzao, nyani mdogo wa kijivu anayetembea zaidi chini, ambaye wenyeji wanamwita ngolaga na wataalamu wamempa jina la kijiji cha Sanje. Wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu! Watu wa vijiji hivi walikuwa wakimjua miaka yote hiyo, na jina wamempa, ila hakuna aliyewauliza. Na mwaka 2008 ikatangazwa aina mpya ya sange mwenye uso wa kijivu, yule mnyama mdogo mwenye pua kama mkonga, kutoka misitu ya milima hii hii.

Nikajisemea, kumbe kitu kinaweza kuwa karibu nawe miaka yote na usikijue. Inabidi uulize. Halafu nikakumbuka kwamba katika ile miezi mitatu na mimi sikuuliza. Niliona amekonda. Niliona viatu vimelika upande mmoja kwa kutembea. Sikuuliza kwa sababu niliogopa jibu.

Kambini tulifika nimechoka mbaya. Kijito kinaimba pembeni, wapagazi wakapika wali na maharage, baridi ikashuka. Simu haikuwa na mtandao hata nukta moja. Tukaingia kwenye hema letu dogo, kila mtu na ukuta wake. Usiku, mbali chini bondeni, ikasikika honi ya treni, ndefu, ya huzuni.

"Reli ya mzee," akasema mume wangu gizani.

Baba yake alifanya kazi kwenye reli ya TAZARA, ile iliyojengwa miaka ya 1970 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, na inapita hapo hapo Mang'ula. Nilisubiri aendelee, lakini hakuendelea.

SIKU YA PILI: SOKSI YENYE DAMU

Tuliamka gizani, tukanywa uji, tukaacha mizigo mikubwa kambini. Mpango ulikuwa kufika kileleni na kurudi kambini kabla ya jioni. Mwongozaji akasema mapema kabisa: "Saa saba mchana ndiyo mwisho. Popote tutakapokuwa, tunageuka. Giza likitukuta juu ni kasheshe."

Yeye tena mbele, lakini sasa hakuwa mbali kama jana. Nikadhani mimi ndiye nimepata nguvu. Kama saa nne hivi, tukiwa tumeingia kwenye mianzi, ukungu unapita katikati yetu kama moshi, mwongozaji akasimama.

"Kaka, vua kiatu."

"Niko poa."

"Kaka, vua kiatu."

Akakaa kwenye gogo, akavua buti la kulia, nikaona soksi. Ilikuwa nyekundu kisiginoni na imeganda. Alipoivua ikatoka na ngozi. Lengelenge lilikuwa limepasuka siku iliyopita, halafu likasuguliwa saa nyingine zote hizo. Mguu wa kushoto nao ulikuwa njiani. Buti la kuazima lilikuwa dogo kwa namba nzima, na alilijua hilo tangu Dar es Salaam.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Jana saa tano."

"Na kwa nini hukusema?"

"Sikutaka kuwachelewesha."

Msomaji wangu, sijui nikuelezeje. Nilihisi kitu kinapanda kutoka tumboni. Ile kelele ambayo sikuipiga mwezi wa tano niliipiga pale, kwenye mianzi, mbele ya watu wanne nisiowajua. Nilimwambia kila kitu. Nilimwambia kuhusu mashati. Kuhusu mlinzi alivyonitazama. Nilimwambia, "Wewe unadhani unanibeba, kumbe unaniacha nyuma! Ungesema jana saa tano tungebandika plasta tukaendelea. Sasa angalia!" Wapagazi wakajifanya wanatazama ndege, na afande akageuka upande wa pili kulinda porini.

Mume wangu hakujibu neno. Alikuwa analia, kimya kimya, mguu uko mikononi kwa kijana wa watu anayeusafisha kwa maji ya chumvi.

Mwongozaji alipomaliza kufunga kidonda akatupanga upya. "Kuanzia sasa kaka anatangulia. Mimi nyuma yake, dada anafuata, afande mwisho."

Nikashangaa. "Si ndiye anayeumia?"

"Ndiyo maana, dada. Anayeumia ndiye anatangulia. Akikaa nyuma atajikaza atufikie, atajiumiza zaidi na hatutajua. Akiwa mbele sote tunakwenda mwendo wake, na tunamwona."

Nadhani nimesoma makala mia moja za ndoa, humu humu kwenye magazeti yetu. Hakuna iliyoniingia kama maneno ya yule kijana.

Tukaendelea, pole pole mno. Kila baada ya hatua mia mwongozaji anauliza, "Mguu vipi?" na mume wangu lazima ajibu ukweli. Mwanzoni alijibu "poa tu". Mwongozaji anasimama, hasogei, mpaka apate jibu la maana. Baadaye akaanza kusema: "Unachoma." "Umetulia kidogo." "Kushoto kumeanza." Jamani, ilikuwa kama kumfundisha mtoto kuongea. Na mimi nikaulizwa pia, nikagundua hata kwangu si rahisi.

Saa sita na nusu tukatokea mahali peupe kidogo, ukungu ukafunguka. Chini yetu, mbali sana, bonde la Kilombero lote: miwa, mpunga, mabati yanang'aa, mto unapinda pinda, na mstari mwembamba wa reli. Juu yetu kilele. Hakikuwa mbali. Ukiwa mzima ungekimbia.

Nilikitaka kile kilele, nisikudanganye. Nilikuwa nimefanya mazoezi mwezi mzima nikipanda na kushuka ngazi za nyumba ya jirani. Mume wangu akakitazama, akautazama mguu wake, akanitazama mimi.

"Mke wangu, mimi mwisho wangu ni hapa. Nikienda zaidi kesho sitaweza kushuka."

Miaka kumi, na sikuwahi kumsikia akisema sentensi kama hiyo. Hata siku moja. Nilikaa chini kwenye majani, nikamwambia, "Haya, basi tule karanga." Tukala karanga na ndizi tukitazama bonde, halafu tukageuka. Kama ni kushindwa, mimi sikuliona hilo.

ALICHONIAMBIA USIKU WA PILI

Usiku ule treni ililia tena, na safari hii aliendelea. Aliniambia kwamba kwao mwanaume alihesabiwa kwa kutoka asubuhi. Mzee wake hakuwahi kukosa kazini hata siku moja, akiugua anakwenda na dawa mfukoni. Kwao, mwanaume anayeonekana uani saa tatu asubuhi, mpaka kuku wanamshangaa. "Nilipopewa ile barua," akasema, "sikuogopa njaa. Niliogopa saa tatu asubuhi."

Nilimwelewa. Kuelewa si kusamehe, lakini ni mlango.

Halafu akaniambia na lingine. Mbali na kibubu, alikuwa amekopa laki tisa kwa rafiki, na tarehe ya kulipa imepita. Nililisikia hilo kwa mara ya kwanza, ndani ya hema, baridi inaingia kwenye mifupa. Nikatoka nje nikakaa motoni. Afande hakuniuliza kitu. Alinimiminia chai ya tangawizi, akasogea kunipisha nafasi, akaendelea kutazama giza. Nilikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Niliporudi mume wangu alikuwa macho. Nikamwambia kweli yangu na mimi: kwamba nimekasirika, kwamba sijui hasira itaisha lini, lakini kwamba kati ya kuambiwa na kugundua mwenyewe, mara elfu naomba niambiwe.

Tukalala bila ukuta katikati. Kwa usiku ule ilitosha.

Siku ya tatu tukashuka, yeye mbele, amevaa kandambili za mpagazi mmoja juu ya soksi mbili. Nyani walitucheka njia nzima, naapa. Kwa mwendo wake nikaona mambo niliyoyapita siku ya kwanza: uyoga wa rangi ya chungwa, vipepeo wamejaa kwenye tope la kijito, nyayo za tembo zimejaa maji. Tulichelewa kufika chini kwa saa mbili na ushee, na hakuna aliyekufa.

MGUU VIPI?

Nisikupambie. Hatukurudi Dar es Salaam tukiwa njiwa wawili. Lile deni tulililipa kidogo kidogo mpaka mwaka uliofuata. Kazi alipata, si kubwa kama ile ya kwanza. Katikati hapo kulikuwa na miezi ambayo saa tatu asubuhi alikuwa uani, anaanika nguo za watoto, na majirani wanamwona. Kuku walimzoea.

Lakini kuna kitu tulishuka nacho. Jumapili jioni watoto wakishalala tunakaa barazani, na mmoja lazima aulize: "Mguu vipi?" Na jibu la "poa tu" halipokelewi. Mwezi uliopita mimi ndiye niliyekuwa na lengelenge, mambo ya kazini, nikasema, na wiki ile nyumba nzima ikaenda mwendo wangu. Alipika yeye. Ugali ulikuwa mbichi, lakini tulikula.

Mdogo wetu sasa ana miaka mitano. Juzi nilimsikia anamwambia rafiki yake, kwa masikitiko kabisa, kwamba baba yake na mama yake wote ni wagonjwa wa miguu.

UKITAKA KWENDA WEWE NA MWENZIO

Wakati mzuri: Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi, msimu wa kiangazi. Masika njia zinateleza vibaya.

Kufika: Mabasi ya Ifakara kutoka Dar es Salaam yanapita Mang'ula, kwenye lango kuu la hifadhi. Nyumba za wageni za bei ya kawaida zipo hapo hapo.

Kama una siku moja tu: Nendeni maporomoko ya Sanje, kijiji kinachotangulia Mang'ula ukitokea Mikumi. Maji yanaanguka jumla ya meta 170, na juu kuna mabwawa ya kuogelea na bonde lote liko miguuni pako. Ni mwendo wa saa chache.

Usipande peke yako: Njia ndefu ni lazima uende na mwongozaji na askari. Panga mapema na ofisi ya hifadhi, na uulize viwango vya ada, maana raia wa Afrika Mashariki wanalipa kidogo kuliko wageni wa nje.

Beba: Nguo ya mvua hata kiangazi, sweta, tochi, plasta nyingi, na soksi ndefu za kuchomekea suruali, maana siafu hawana adabu. Acha nyumbani mafuta ya kunukia.

Viatu: Vyako mwenyewe, vilivyozoea mguu wako. Sitasema zaidi.